Intanshipu Kampala: jinsi ya kuanza bila kuishia kuwa mtu wa fotokopi

Kama umeshapata nafasi ya intanshipu, yaani mafunzo ya kazi, ofisini kwa hii likizo ndefu ya Juni mpaka Agosti, hongera, sasa soma hapa kabla hujaripoti. Naandika hasa kwa nyie wadogo zangu mlioko Makerere, Kyambogo, KIU na kwingineko, Watanzania, Wakenya, Wakongo, na pia sisi wa hapahapa wa Busia na Bombo ambao Kiswahili tumekikuta nyumbani. Ofisi za Kampala zina mambo yake na hakuna mtu atakayekukalisha chini akueleze.

La kwanza ujue hakuna anayekusubiri. HR wamekukubali kwa sababu kila mwaka wanachukua maintani, lakini supavaiza wako mara nyingi anaambiwa asubuhi hiyohiyo uliyofika, "huyu ni wako". Ana kazi zake zimemkaba, kiti cha ziada hana, kompyuta ndo kabisa. Hana ubaya na wewe, hana tu nafasi ya kukufikiria. Kwa hiyo wiki mbili za mwanzo kazi yako kubwa ni kujitafutia kazi, na ukilikubali hilo mapema hutakaa unanuna kwenye kona na simu.

Makaratasi. Beba barua ya utambulisho ya chuo, ile barua ya kukubaliwa, kitambulisho cha chuo na kitambulisho cha taifa, na kama wewe ni mgeni basi pasipoti na pasi yako ya mwanafunzi, vyote na kopi. Kama bado unatafuta nafasi na unapeleka barua mwenyewe, nenda na nakala mbili, moja wabaki nayo mapokezi na nyingine wakugongee muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, uondoke nayo, maana barua zinalala kwenye droo mpaka chuo kinafungua halafu unaambiwa hatukuona kitu. Na mtu yeyote akikuambia utume hela ya usajili kwa mobile money ndo upate nafasi, huyo ni tapeli, hata kama picha yake ya WhatsApp ina suti na bendera nyuma.

Usafiri uujaribu siku ya kazi. Jumapili unatoka Kireka mpaka mjini unasema aah ni karibu tu, Jumatatu saa moja na nusu umekwama Nakawa unaangalia boda zinapita. Ggaba Road kwa watu wa Kansanga ni hivyohivyo, Entebbe Road kule Kibuye usiniulize. Tena ukianza mwanzoni mwa Juni kumbuka tarehe 3 ni Siku ya Mashahidi, mahujaji wanatembea kwa miguu kwenda Namugongo na barabara za upande ule zinajaa kuanzia siku kadhaa kabla. Halafu tarehe 9 ni Siku ya Mashujaa, nayo ni mapumziko. Kuna watu wameripoti siku hiyo wakakuta askari peke yake getini anasikiliza redio.

Nguo zisikusumbue. Shati mbili tatu, suruali mbili au sketi, soko la Owino zipo nzuri tu za mivumba, yaani mitumba, fundi akubanie kiunoni basi. Kinachoangaliwa Kampala ni viatu. Boda inakuvusha vumbi lote la mtaani kwako halafu unaingia jengo la vioo Nakasero, kwa hiyo weka kitambaa kwenye begi ufute kabla ya geti, utaona hata maafisa wakubwa wanafanya hivyo pembeni ya barabara.

Getini unakaguliwa, unaandika jina kwenye kitabu, pengine unaacha kitambulisho. Usipite kama gari la msafara. Msalimie askari, msalimie dada wa mapokezi, na yule mama anayesafisha ambaye ndo anajua funguo ziko wapi na bosi yuko mudi gani leo. Juu huko utasikia wanavyoitana, Madamu, Bosi, kwenye kampuni za mawakili kila mtu ni Kaunseli, kwa wahandisi ni Inginia fulani. Wewe fuata vilevile, hata kama kijana mwenyewe mnalingana umri, mpaka akuambie niite jina.

Sasa hapa pa kazi ndo penyewe. Usiulize "kuna kazi ya kunipa?" Jibu lake ni "ngoja kidogo", na hiyo kidogo inafika saa kumi na moja jioni. Angalia ni nini kimelundikana. Kila ofisi ina kitu ambacho wote wanakiona na hakuna anayetaka kukigusa: maboksi ya faili za mwaka jana, risiti za mafuta hazijaingizwa, orodha ya wateja yenye namba za simu zilizokufa. Mfuate supavaiza asubuhi kabla hajazama, useme kwa kifupi: "Madamu, nimeona zile faili za wateja hazina orodha, naomba niziingize Excel, mchana nikuonyeshe kumi za kwanza uone kama niko sawa." Hapo umempa kitu rahisi kujibu ndiyo. Umempa na nafasi ya kukurekebisha mapema, kabla hujaharibu mia mbili. Ukimaliza hiyo, ya pili anakuletea mwenyewe.

Na ukitumwa fotokopi nenda, usiweke uso. Ila uwe na macho, ukikopi invoisi angalia imetoka kwa nani, inasainiwa na nani, inaishia kwa nani, kwa wiki moja utajua pesa ya kampuni inatembeaje kuliko alivyokufundisha mhadhiri muhula mzima. Chai pia, kama wote wanajichotea na wewe wachotee siku moja moja, lakini ikifika mahali kila saa nne wewe ndo unatafutwa na orodha ya eskoti, yaani vitafunwa vya chai, huyu chapati yule sambusa, rudi kwa supavaiza na ombi la kazi nyingine. Usigombane, jaza tu huo muda wako na kitu wanachokihitaji zaidi ya chapati.

Kuhusu Kiswahili. Baraza la mawaziri la Uganda lilikubali Julai 2022 kiwe lugha rasmi, lakini usitegemee kukisikia kwenye mikutano. Mkutanoni ni Kiingereza, kwenye chai ni Luganda, na kuna wazee wa mji huu ukiwaanzia na Kiswahili wanakumbuka wanajeshi wa zamani na vizuizi vya barabarani, unaona kabisa mtu amepoa. Usilazimishe. Jua gyebaleko ya kumsalimia aliyeko kazini, wasuze otya ya asubuhi, webale ya kushukuru, na ssebo kwa mwanamume au nnyabo kwa mwanamke mwishoni, hata ukikosea matamshi watacheka na kukufundisha, na ukishachekwa vizuri umeshakuwa wa pale.

Ila hicho Kiswahili ni mali, msikifiche. Sehemu kubwa ya mizigo ya Uganda inapitia bandari ya Mombasa na mingine Dar es Salaam, madereva wako Malaba, mawakala wako bandarini, wateja wako Goma na Bunia, na tangu Congo iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 ofisi nyingi zinaangalia upande huo. Siku simu italia, mteja anaongea Kiswahili cha Bunia haraka haraka na ofisi nzima inaangaliana, nyoosha mkono. Andika alichosema, tarehe, namba ya mzigo, anachotaka, mpe supavaiza kwenye karatasi kwa Kiingereza safi. Baada ya hapo hutatafuta kazi tena, simu zote za namna hiyo ni zako.

Logibuku, kile kitabu cha chuo cha kuandika kazi zako za kila siku. Jamani logibuku. Wengi wanaijaza wiki ya mwisho kwa rangi moja ya kalamu na mwandiko mmoja, na mhadhiri si mtoto. Jaza kila siku kabla ya kutoka, dakika kumi tu. Na usiandike "nilisaidia idara ya uhasibu", hiyo haisemi kitu. Andika: "Nimelinganisha risiti za mafuta za Mei na leja, risiti tatu hazina saini ya dereva, nimezipeleka kwa mhasibu, nimejifunza kwa nini hazilipwi bila saini." Unaona? Hapo kuna kazi, kuna tatizo, kuna kitu umejifunza, na ripoti yako ya mwisho inajiandika yenyewe kutoka humo. Saini ya supavaiza ichukue kila Ijumaa, ukimletea kurasa thelathini Agosti atakwambia acha hapo mezani na hapo mezani ndo kaburi lake.

Mhadhiri wa chuo naye atakuja kukukagua, mtumie mapema jina la jengo, ghorofa na kitu kinachojulikana jirani, kama petroli stesheni au benki, asizunguke mji mzima afike amekasirika.

Picha. Najua unataka kuweka stetasi ukiwa kwenye meza mpya, lakini skrini nyuma yako ina majina na akaunti za wateja. Uganda ina sheria ya kulinda taarifa za watu tangu 2019, na kampuni hazichezi na hilo. Piga picha nje kwenye ngazi.

Hela, usiihesabu. Ofisi nyingi hazilipi intani, zikijitahidi ni usafiri na chakula cha mchana, uliza HR siku ya kwanza kwa upole ili upange bajeti, na kama hakuna basi kikomando, chapati ya kukatwakatwa na maharage, kipo, hakijawahi kumwangusha mwanafunzi.

Barua ya mapendekezo iombe wiki mbili kabla hujamaliza, siyo siku ya mwisho, kwa sababu Agosti mabosi wanaingia likizo na mwenye muhuri anaweza kuwa kijijini kwao. Iwe kwenye karatasi yenye kichwa cha kampuni, iwe na muhuri, itaje kazi ulizofanya, ukiweza mpe supavaiza hizo kazi umeziorodhesha kutoka kwenye logibuku yako asihangaike kukumbuka. Rudisha beji, futa mafaili yako binafsi kwenye kompyuta yao, mwachie anayekufuata ile Excel na maelezo ya ilipofikia.