Leseni ya LCSW ya Marekani kwa mhitimu wa ustawi wa jamii aliyeko Dar: anza na jimbo

Nasimamia wanafunzi wa fildi katika hospitali hapa Dar es Salaam, wengi wao kutoka Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama. Hawakosi wanaoniuliza: "Madam, nikitaka kuwa LCSW kule Marekani, natakiwa niwe na nini?" LCSW ni mtaalamu wa ustawi wa jamii mwenye leseni ya kuchunguza matatizo ya afya ya akili na kutoa tiba ya mazungumzo bila kusimamiwa. Njia ni ndefu, na wengi huianza kwa kutafuta chuo. Hapo ndipo wanapoteza muda na fedha.

Hatua ya 1: Chagua jimbo

Marekani haina leseni moja ya nchi nzima. Kila jimbo lina bodi yake na hesabu yake ya saa za kazi unazofanya baada ya uzamili. Texas inadai saa 3,000 za kazi chini ya usimamizi kwa muda usiopungua miezi 24, pamoja na saa 100 za kukaa na msimamizi. California nayo inadai 3,000 kwa wiki zisizopungua 104, ila angalau 2,000 ziwe za uchunguzi na tiba, na katika hizo 750 ziwe za kumhudumia mteja ana kwa ana. New York inahesabu saa 2,000 za kukutana na wateja kwa miaka isiyopungua 3, tena inakagua masomo yako ya uzamili: lazima yawemo ya kikliniki yenye krediti 12. Aliyesoma uzamili uliojaa sera na utawala atarudishwa darasani. Kwa hiyo soma tovuti ya bodi ya jimbo kabla hujagusa tovuti ya chuo.

Hatua ya 2: Kusanya karatasi ukiwa bado Dar

Shahada ya nje hupimwa na baraza linaloidhinisha masomo ya ustawi wa jamii Marekani, CSWE. Kipimo chao ni saa 400 za fildi kwa shahada ya kwanza na 900 kwa uzamili. Hapa ndipo penye kazi kubwa, na naomba mwanafunzi aliye mwaka wa kwanza anisikilize vizuri. Fildi zetu huandikwa kwa wiki: "wiki nane, ofisi ya kata." Anayekagua faili lako hawezi kujua wiki hiyo ilikuwa na saa ngapi. Andika saa kila siku kwenye daftari la fildi, eleza ulichofanya (mahojiano na familia, ziara ya nyumbani, kikao cha kikundi), na msimamizi asaini na kugonga muhuri kabla hujaondoka ofisini kwake. Ukimtafuta baada ya miaka mitano, ameshahamishiwa mkoa mwingine.

Pia angalia msimamizi wako ni nani. Mara nyingi mwanafunzi hupangwa chini ya afisa maendeleo ya jamii. Ni watu wazuri, nafanya nao kazi, lakini taaluma yao ni nyingine. Omba mwenye shahada ya ustawi wa jamii, hata kama itabidi upande daladala mbili.

Chuoni chukua transkripti na maelezo ya kila somo ulilosoma.

Hatua ya 3: Uzamili

Soma MSW (shahada ya uzamili ya ustawi wa jamii) iliyoidhinishwa na CSWE, mkondo wa kikliniki. Shahada yako ya kwanza ikishatambuliwa na CSWE, vyuo vingi vinaweza kukurusha mwaka wa mwanzo, ukamaliza kwa takriban mwaka mmoja badala ya miwili. Hiyo ni ada ya mwaka mzima, na ndiyo faida ya daftari la hatua ya 2.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya viza

Hili watu huambiwa wakiwa wameshachelewa. Mwenye viza ya mwanafunzi akihitimu huruhusiwa kufanya kazi miezi 12. Nyongeza ya miezi 24 ni ya masomo ya sayansi na teknolojia, na ustawi wa jamii haumo. Saa za leseni zinataka miaka miwili au zaidi, hivyo muda utaisha ukiwa katikati. Utahitaji mwajiri wa kukuombea viza ya kazi ya H-1B. Hospitali zenye uhusiano na vyuo vikuu ni pa kuanzia, kwa sababu nyingi hazibanwi na idadi ya viza inayowekwa kila mwaka. Mwenye green card (kibali cha ukaaji wa kudumu) hana kikwazo hiki. Kabla ya kulipa ada yoyote, soma matangazo ya sasa ya ubalozi wao, maana masharti hubadilika.

Hatua ya 5: Saa, kisha mtihani

Sajili usimamizi kwenye bodi kabla ya kuanza kuhesabu pale inapotakiwa. California, kwa mfano, inakusajili kwanza kama mshiriki (associate), yaani anayefanya kazi chini ya msimamizi. Halafu kuna mtihani wa kikliniki wa ASWB, chama cha bodi za ustawi wa jamii, na California inaongeza mtihani wake wa sheria na maadili. Jifunze DSM-5-TR, mwongozo wa kutambua magonjwa ya akili, na zoea maswali yanayouliza utafanya nini *kwanza*: majibu yote huonekana sahihi, nawe unatafuta linalolinda usalama wa mteja.

Kwa sisi ambao Kiingereza tulikikuta shuleni, baadhi ya majimbo huruhusu muda wa ziada. Omba kwa bodi na upate idhini kabla ya kupanga tarehe ya mtihani.