Jinsi ya kuifurahia hesabu ukiwa bado mwanafunzi

Mi ni mwanafunzi na hesabu naipenda kwelikweli, na wenzangu huwa wananiuliza hiyo raha naipata wapi maana wao wanachokiona ni fomula za kukariri na mtihani basi. Nimeona niandike ninavyofanya, mwenye kutaka ajaribu. Sio lazima uwe unaongoza darasa. Tafuta daftari moja ambalo halitasahihishwa na mtu, kalamu, na muda ambao hakuna anayekuharakisha.

Anza na kitu ambacho tayari unakijua halafu jiulize kwa nini kiko hivyo. Kwa upande wangu hapa ndo penye utamu wote, hayo mengine yanafuata tu. Chukua ile kanuni ya kujua kama namba inagawanyika kwa 3, si tulifundishwa jumlisha tarakimu zake, jumla ikigawanyika kwa 3 basi na namba yenyewe inagawanyika? Wengi tunaitumia miaka na miaka bila kuhoji. Sasa tuseme namba ni 471. Hiyo 4 ya mwanzo ni mia nne, na kila mia moja ni 99 ukaongeza 1, kwa hiyo mia nne ni 99 mara nne halafu inabaki 4. Hiyo 7 ni makumi saba, kila kumi ni 9 ukaongeza 1, kwa hiyo ni 9 mara saba inabaki 7. Ile 1 ya mwisho ipo kama ilivyo. Hizo 99 na 9 zote zinagawanyika kwa 3 bila shida, ziweke pembeni, kilichobaki cha kuangalia ni 4 na 7 na 1, yaani zilezile tarakimu! Jumla yake 12, inagawanyika, basi na 471 inagawanyika, na ukipiga unapata 157. Usisome kwa macho tu hapo, andika. Ukishaelewa utagundua kanuni ya 9 nayo ni hiyohiyo kwa sababu ileile, huna haja ya kukariri mbili, na utajua pia kwa nini ujanja huu haufanyi kazi kwa 7, maana 9 yenyewe haigawanyiki kwa 7. Kitu kimoja umekielewa, vitatu vimefunguka. Mi hiyo hali ndo naiita raha na sijapata somo jingine linalonipa hivyo.

Pili, chora. Hata kama swali halina mchoro wowote we chora. Jaribu kujumlisha namba witiri kuanzia mwanzo: 1, halafu 1+3 ni 4, halafu 1+3+5 ni 9, halafu ukiongeza 7 inakuwa 16. Unaona zinavyotoka? 1, 4, 9, 16, zote ni namba za mraba. Ukiziangalia hivyohivyo kama namba inashangaza ila haikwambii kitu, sasa weka nukta moja kwenye karatasi. Ongeza nukta 3 kuizunguka, moja pembeni kulia, moja chini, moja kwenye kona, umepata mraba wa 2 kwa 2. Ongeza 5 kwa namna ileile, mbili kulia mbili chini moja kona, mraba wa 3 kwa 3. Kila mara upande wa kulia unadai nukta moja zaidi na wa chini unadai moja zaidi, ndo maana unaongeza 3 halafu 5 halafu 7, zinapishana kwa mbili. Ukiona hivyo mtu akikuuliza jumla ya namba witiri 50 za kwanza, yaani 1 mpaka 99, hujumlishi chochote, ni 50 mara 50, 2500, umemaliza. Maryam Mirzakhani, mwanahisabati aliyekuwa mwanamke wa kwanza kupata nishani ya Fields, moja ya tuzo kubwa kabisa za hesabu, mwaka 2014, alikuwa anatandaza makaratasi makubwa sakafuni anachora humo akifikiria, kwa hiyo usione aibu kwamba kuchora ni mambo ya watoto.

Tatu, tafuta maswali ambayo hata maprofesa hawajayajibu. Hili linasaidia sana kwa mtu anayedhani hesabu ilishaisha zamani na sisi tunarudia tu. Chukua namba yoyote nzima kuanzia 1. Ikiwa shufwa igawe kwa 2, ikiwa witiri izidishe kwa 3 uongeze 1, na unachopata kifanyie hivyohivyo tena. Ukianza na 6 inaenda 3, 10, 5, 16, 8, 4, 2, 1. Inaonekana kila namba mwishoni inafika 1, ila hakuna mtu aliyeweza kuthibitisha kwamba ni zote, na swali lenyewe linahusishwa na Mjerumani Lothar Collatz toka miaka ya 1930. Jaribu 7 kwa mkono. Halafu siku una nafasi jaribu 27, na hii nakuomba ufanye kweli usiangalie mtandaoni, inapanda inashuka inapanda tena mpaka 9232 ndo inaanza kurudi chini, hatua 111 mpaka ifike 1. Wakati 26 yenyewe inamaliza kwa hatua 10 tu! Kwa nini? Hata sasa hivi nikiandika hapa natamani nijue.

Sasa kukwama. Utakwama, na hapa ndo wengi wanakimbilia majibu nyuma ya kitabu, na mi nasema ukifungua majibu mapema umejinyima sehemu nzuri kuliko zote. Mwanahisabati Mwingereza Andrew Wiles alikutana na swali la Fermat akiwa na miaka 10, swali lililoachwa na Mfaransa Pierre de Fermat karne ya 17 na halikuwa limethibitishwa na mtu, akaja kulifanyia kazi ukubwani miaka kama saba kimyakimya, akatangaza jibu mwaka 1993, likaonekana lina pengo, akalikarabati mwaka 1994 akisaidiwa na mwanafunzi wake wa zamani Richard Taylor. Kwa hiyo wewe kukaa na swali jioni nzima ni jambo la kawaida kabisa. Ukikwama punguza namba, kama swali linasema 100 jaribu kwa 3 kwanza, halafu 4, andika unachokiona. Bado? Liache ukalale, kesho lirudie kabla hujashika simu.

Ukipata, mweleze mtu. Yeyote, mdogo wako, rafiki, hata asiyependa hesabu. Pale anapokuuliza "kwani hiyo imetoka wapi" na we ukasita, ndo pa kurudi kusoma.

Kuhusu mtihani sina mengi, mazoezi ya darasani fanya kama kawaida, ila lile daftari lako usiligeuze la kujiandaa na mtihani, liache liwe la maswali unayoyapenda mwenyewe.

La kuanzia hili hapa, jibu sitoi. Andika namba ya tarakimu mbili, igeuze, toa ndogo kwenye kubwa: 82 kutoa 28 ni 54. Jaribu nyingine kadhaa, utaona jibu kila mara linagawanyika kwa 9. Tafuta kwa nini, anzia kwenye makumi na mamoja. Ukishapata nenda tarakimu tatu, 732 kutoa 237, hapo badala ya 9 kuna namba kubwa zaidi inajitokeza kila mara, itafute.