Injini kubwa ya dizeli imekufa? Usioshe kitu kwanza

Injini ikishatoboa bloku (mwili wake wa chuma) kila mtu anakimbilia konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki (shafti kuu inayozunguka), iliyochomoza nje na kusema "hii ndo imeua injini", manake ndo inayoonekana. Mara nyingi hiyo konrodi nayo ni marehemu tu, muuaji yuko kwingine, na kazi yako wewe fundi ni kujua kipande gani kilitangulia kufa. Kwa hiyo maji ya presha weka mbali, usioshe chochote, uchafu wote huo ni ushahidi.

Na kufungua pia usiwe na haraka. Injini kubwa ikizima kwa joto, ndani kunajaa ukungu wa oili, sasa we ukifungua mlango wa krenkikesi (boksi la chini lenye krenki) hewa inaingia, inakuta chuma cha moto, inalipuka usoni kwako. Mwaka 1947 meli ya Uingereza Reina del Pacifico ilikuwa kwenye majaribio baada ya matengenezo, pistoni ikachemka kupita kiasi, krenkikesi zikalipuka, wakafa watu 28. Iache ipoe nusu saa au zaidi, na hakikisha haiwezi kustati, funga hewa ya kustatia au chomoa waya za betri.

Ikiwa inapoa ongea na mwendeshaji. Presha ya oili ilianza kushuka lini, joto la maji lilikuwaje, mlio ulikuja ghafla au uliongezeka polepole, na nani alifungua injini mara ya mwisho akagusa nini. Hilo la mwisho mi naliweka juu ya yote, injini iliyokufa muda mfupi baada ya overhoo (kufunguliwa yote na kutengenezwa upya) naanza kuichunguza hiyo overhoo. Ila uliza kwa upole, ukianza na lawama utadanganywa tu.

Oili chukua sampuli kabla hujamwaga. Ikiwa nyeupe nzito ina maji, ikiwa nyepesi na inanuka dizeli angalia nozeli (zinazopulizia dizeli kwenye silinda) na pampu ya dizeli. Filta ikate, kunjua karatasi yake, pitisha sumaku. Vinavyoshika ni chuma, yaani ringi za pistoni, slivu (ukuta wa silinda), krenki au gia, visivyoshika vyenye kung'aa ni alumini au madini ya beringi (vile vipande laini vinavyobeba krenki na konrodi), na ukiona rangi ya shaba ujue beringi zimeliwa mpaka tabaka la chini.

Sasa fungua, piga picha kila hatua, andika kila kipande kimetoka silinda ya ngapi, juu au chini. Bolti za konrodi kwenye silinda ambazo hazijaharibika usizilegeze hivihivi, pima kwanza zimekazwa kiasi gani, ukikuta hata huko nako zimelegea basi umeshapata pa kuanzia.

Bolti iliyokatika ndo inaongea kuliko vyote. Kama imevutika ikawa nyembamba pale ilipokatikia, ilizidiwa mzigo mara moja, kwa hiyo ni mhanga, kuna kitu kingine kilianza. Lakini kama imekatika flati, na ukimulika tochi kwa upande unaona mistari ya mawimbi kama ile inayobaki mchangani maji yakitoka, huo ni ufa uliotembea polepole kwa muda mrefu. Fuata hiyo mistari kinyumenyume mpaka inapoanzia, utakuta mkwaruzo au kutu au uzi mbovu, au hakuna kitu kabisa, na hapo wazia ilikuwa haijakazwa vya kutosha. Na tafadhali usiunganishe vipande viwili kuangalia kama vinaingiana, unafuta alama zote, paka oili kidogo ufunge na plastiki.

Beringi zipange chini kwa mfululizo wake. Moja tu imeungua zingine nzima, tafuta tobo la oili lililoziba au beringi iliyofungwa vibaya. Zote zimeungua, shida iko kwenye pampu, oili kupungua au oili kuwa nyepesi. Zimechanwa mistari mistari, uchafu umepita. Pistoni nazo zikikwaruzika pande zote ni joto na maji ya kupoza, upande mmoja au juu kumetoboka shuku nozeli inayodondosha. Konrodi iliyopinda bila kuvunjika mara nyingi ni maji au dizeli ilijaa silinda, usiishie kuinyoosha.

Ukimaliza panga matukio kwa mfululizo, kipi kilifuata kipi, halafu jaribu kuuvunja huo mfululizo mwenyewe. Kama kuna kipande kimoja hakielezeki, hujamaliza, rudi kwenye meza.

Na kabla ya kufunga injini nyingine, kula ya oili (kifaa cha kupoza oili) badilisha au ioshwe kikwelikweli pamoja na mabomba yote, tena fungua plagi za njia za oili kwenye krenki. Vyuma vilivyosagika vinajificha humo na beringi mpya hazitadumu.