SOMO: Nashik kwa siku mbili, hekalu alfajiri na mizabibu alasiri

Nashik iko jimbo la Maharashtra, kama kilomita 170 kaskazini-mashariki ya Mumbai. Kosa la wageni wengi ni kuibana ndani ya siku moja: wanafika Trimbak, mji mdogo wenye hekalu mashuhuri, adhuhuri, foleni imeshazunguka ukuta, na wakifika shamba la mizabibu jua linazama. Tenga siku mbili. Na kila siku anza na hekalu, mvinyo baadaye. Kushuka Ramkund, bwawa takatifu la kuogea, ukinuka pombe ni utovu wa adabu, hata kama hakuna atakayekusema.

1. Karatasi. Mkenya na Mtanzania huomba viza ya India kwa mtandao. Kinachokwamisha watu ni kadi ya njano. Anayetoka Kenya, Uganda, Burundi au Kongo bila cheti cha homa ya manjano anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6. Cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo kuchanja wiki ya safari hakusaidii. Mtanzania anayeunganisha ndege Nairobi naye aibebe.

2. Treni. Tiketi hufunguliwa siku 60 kabla. Tafuta stesheni ya Nashik Road. Iko kama kilomita 9 nje ya mji wa zamani, basi tenga nauli ya bajaji, na mpatane bei kabla ya kupanda. Treni ya kasi ya Vande Bharat ya alfajiri kutoka CSMT, stesheni kuu ya Mumbai, hutumia chini ya saa tatu. Treni za kawaida huchukua karibu saa nne, na nyingi husimama Kasara kuongezewa injini za kusukuma nyuma, maana mlima wa kuelekea Igatpuri ni mkali. Usidhani imeharibika.

3. Siku ya kwanza: Panchavati, mtaa wa mahekalu. Vaa ndala, utavua viatu mara nyingi. Anzia Ramkund, bwawa la ngazi ndani ya mto Godavari ambako mahujaji huoga na kutia majivu ya marehemu wao. Usimpige picha mwenye msiba. Karibu hapo pana sanamu kubwa ya Hanuman, mungu mwenye umbo la tumbili, iitwayo Dutondya Maruti, ambayo wenyeji huitumia kupimia mafuriko: wanatazama maji yamefika magoti, kiuno au kifua. Julai na Agosti mto unaweza kufunika ngazi zote, na hapo hakuna kuoga.

Panda hadi Kalaram, hekalu la mawe meusi. Machi 1930 mwanasheria Ambedkar aliongoza maandamano hapa kudai Wadalit, watu wa tabaka lililobaguliwa, waruhusiwe kuingia. Sita Gufa, pango takatifu, iko jirani. Mlango wake ni mwembamba kiasi cha kukulazimisha kuinama na kwenda kiubavu, kwa hiyo mwenye hofu ya sehemu finyu aipite tu. Jioni nenda Pandavleni, mapango 24 ya Wabudha yaliyochongwa mlimani. Ngazi ni nyingi, beba maji.

4. Siku ya pili: Trimbak, kisha Gangapur. Mabasi ya Trimbak huondoka CBS, stendi ya mabasi mjini Nashik. Ni kama kilomita 28. Trimbakeshwar, hekalu la huko, ni moja ya jyotirlinga 12, yaani mahekalu matakatifu zaidi ya mungu Shiva, na hufunguliwa saa kumi na moja na nusu alfajiri. Fika saa hiyo. Epuka Jumatatu, siku ya Shiva, hasa mwezi wa Shravan (Julai–Agosti).

Saa sita rudi upande wa bwawa la Gangapur, waliko watengenezaji wa mvinyo Sula na York. Sula ndiyo iliyofungua njia, ikaanza kupanda mizabibu miaka ya 1990. Onja nyeupe kwanza (Chenin Blanc, Sauvignon Blanc), nyekundu mwisho. Ukianza na nyekundu kama Shiraz, nyeupe zitakuwa kama maji. Umri wa kunywa mvinyo Maharashtra ni miaka 21, beba pasipoti. Panga gari la kurudi kabla hujaanza kuonja, kwani jioni kupata teksi kule ni bahati nasibu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mimi ni Mwislamu. Nitaingia Trimbakeshwar?
Hapana, ndugu yangu. Bango mlangoni linasema Wahindu tu. Lakini bwawa la Kushavarta liko mjini, nje ya hekalu, na njia ya mlima Brahmagiri, chanzo cha Godavari, iko wazi. Ficha chakula, tumbili wa huko hunyakua. Kuhusu kula, agiza misal pav: dengu zilizochipua kwenye mchuzi mwekundu mkali, na mkate. Haina nyama. Omba mchuzi wa pilipili uletwe pembeni.

Nina likizo Agosti. Zabibu zitakuwepo?
Utaona majani tu. Mzabibu wa huku haulali kama wa Ulaya, hivyo hukatwa mara mbili: Aprili ili utoe matawi, kisha karibu Septemba na Oktoba ili uzae. Mavuno ni Januari hadi Machi. Dodoma wanavuna mara mbili kwa mwaka, ila hapa mvua za Juni hadi Septemba zingeozesha mazao ya pili.

Kumbh Mela je?
Hija hiyo kubwa ya Wahindu ya kuoga mtoni huwa hapa Nashik kila baada ya miaka 12; ya mwisho ilikuwa 2015. Siku kubwa za kuoga zinaangukia Agosti na Septemba 2027. Kama hukuja kuhiji, chagua mwezi mwingine.

Nilifika 2 Oktoba, wakakataa kuniuzia mvinyo. Kwa nini?
Ni siku ya kuzaliwa Gandhi, pombe haiuzwi. Vivyo hivyo 26 Januari na 15 Agosti.

Niko Mombasa. Ni kweli Nashik inahusiana na Kisauni?
Kweli, dada. Wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, waliwalea na kuwasomesha Sharanpur, Nashik, Waafrika waliookolewa utumwani. Jacob Wainwright, aliyesafiri na mwili wa Livingstone hadi Uingereza, alisoma huko. Kuanzia miaka ya 1870 wengi wao waliletwa Freretown, ile yenye kengele iliyowapa jina lenu la Kengeleni. Ukifika Nashik, mwambie dereva akupitishe Sharanpur Road.