SOMO: Homa, kliniki, dharura ya usiku – uanzie wapi ukiwa Kigoma

Habari za humu wakuu. Naona swali moja linajirudia: "Mtoto anaumwa, nimpeleke moja kwa moja Maweni (hospitali ya mkoa)?" Mimi si daktari. Ni mjumbe wa kamati ya zahanati kwenye kijiji kimoja cha mwambao, kwa hiyo haya ninayaona kila siku. Twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Wajue watu kabla hujaugua

Jengo la zahanati unalijua, lakini je, mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kitongoji chako unamjua? Ndiye anayepita nyumba kwa nyumba, anayejua nani ana mimba na mtoto yupi hajamaliza chanjo. Mpango wa taifa uliozinduliwa 2024 ni kufikisha wahudumu 137,294 ndani ya miaka mitano. Kama humjui wa kwenu, muulize mtendaji wa kijiji, kisha chukua namba yake ya simu.

Mwingine ni bwana afya. Watu humkimbia wakidhani kazi yake ni faini za vyoo tu. Waliokuwepo kijiji cha Kagunga, mpakani na Burundi, Mei 2015 wanajua kazi yake: maelfu ya wakimbizi wa Burundi wamejazana ufukweni, vyoo hakuna, maji ya kunywa ni yale yale ya Ziwa Tanganyika, kipindupindu kikaingia huku meli ya Liemba ikiwasomba kuwaleta mjini. Ukiona watu wawili watatu jirani wanaharisha maji maji, mpigie siku hiyo hiyo.

Hatua ya 2: Anzia zahanati

Mpangilio ni zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, halafu Maweni ambayo ni ya rufaa ya mkoa. Ukiruka utakaa foleni ndefu kwa ugonjwa ambao ungeisha kijijini. Ukipewa rufaa, ondoka na karatasi yake mkononi.

Homa ndiyo inayotuleta wengi. Utafiti wa malaria wa 2017 ulikuta karibu mtoto mmoja kati ya wanne wa chini ya miaka mitano mkoani kwetu ana vimelea. Kipimo ni chepesi: kidole kinatobolewa, tone la damu linawekwa kwenye kile kibao cheupe, matone ya dawa yanafuata, mnasubiri kama dakika 15. Mstari mmoja kwenye alama ya C maana yake hakuna malaria, miwili, ipo. Ikitoka haipo, usigombane na nesi akupe mseto (dawa ya malaria) "wa tahadhari". Muulize homa inatoka wapi, maana nimonia nayo inaleta homa. Ikiwepo, mseto ni asubuhi na jioni kwa siku tatu, pamoja na chakula. Mtoto akitapika ndani ya nusu saa, arudiwe dozi hiyo. Na dawa zinazobaki mtoto akichangamka siku ya pili, si akiba ya mdogo wake!

Hatua ya 3: Kliniki ya mama na mtoto

Anza kabla ya wiki 12. Utapimwa damu, presha, kaswende na VVU, utapewa chandarua, na kuanzia wiki ya 14 utameza SP (dawa ya kukinga malaria) mbele ya nesi kila mwezi. (Anayetumia dawa za VVU na septrini hapewi SP, kwa hiyo aseme.) Mtoto naye ana chanjo akizaliwa, kisha wiki ya 6, 10 na 14, halafu surua-rubella miezi 9 na miezi 18. Hiyo ya miezi 18 ndiyo wengi huisahau, mtoto keshakimbia huyo.

Hatua ya 4: Dharura ya uzazi

Piga 115, bure. Ni mfumo wa m-mama, kwa wajawazito, waliojifungua karibuni na vichanga. Mpokeaji atauliza maswali kadhaa, jibu bila papara. Ambulansi ikiwa mbali, wanatuma dereva wa kijamii aliyesajiliwa, na malipo yake hayakuhusu. Kijiji kinachofikika kwa boti tu, sema hivyo mwanzoni kabisa, usimwache atafute gari.

Hatua ya 5: Malipo

Kisera, wajawazito, watoto chini ya miaka mitano, chanjo, TB na VVU havilipiwi. Ukitozwa, dai stakabadhi. Ukinyimwa, nenda kwa mganga mfawidhi (mkuu wa kituo), kisha kwenye kamati. Tupo kwa ajili hiyo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Twins: Kaka, asante kwa somo. Mwenzangu yuko kwenye kambi ya dagaa, mwezi mzima harudi. Kliniki wananiambia nije na mume.

Jibu: Dada, kuja na mwenza kunahimizwa ili mpimwe wote, lakini si sharti la kupata huduma. Nenda. Wakikurudisha, omba kuonana na mganga mfawidhi.

Kijana wa Kibirizi: Mzee wangu anakohoa wiki ya tatu, anasema ni moshi wa karabai.

Jibu: Huenda, ila wiki mbili zinatosha kupeleka makohozi. Ikiwa TB, dawa ni miezi sita, bure, na watoto wadogo wa hapo nyumbani nao wachunguzwe.

Mha Halisi: Mtoto ana miaka miwili, chanjo zimempita. Ataanza upya?

Jibu: Haanzi upya, anaendelea alipoishia. Beba kadi. Kama imepotea nenda hivyo hivyo, kuna rejista.

Bi Mkubwa wa Kasulu: Mjukuu kaumwa na mbwa jioni hii, jeraha dogo tu, tumelipaka mafuta ya taa.

Jibu: Shikamoo bibi. Osheni sasa hivi kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, msifunge. Chanjo ya kichaa cha mbwa haipo kila zahanati, kwa hiyo pigeni kwanza 199, namba ya Wizara ya Afya, ni bure, muulize kituo cha kwenda, na mtoto afike leo au kesho alfajiri. Mbwa kama ana mwenyewe msimuue. Afungiwe siku 10 na afisa mifugo aarifiwe.