Rupia ya Mjerumani usiisugue!

Jamani kama babu kakuachia rupia ya Mjerumani (sarafu ya madini ya fedha ya enzi za ukoloni wake), ile yenye sura ya Kaisari Wilhelm, usije ukaisugua na majivu wala dawa ya meno, ule weusi ndo ngozi yake, ukiutoa mkusanyaji wa sarafu anajua hapohapo na bei inashuka. Ishike pembeni kwa vidole viwili, chini utandike kitambaa laini. Unahisi feki? Mpe sonara aipime, rupia nzima inacheza kwenye gramu 11.66 (iliyolika itapungua kidogo), na sumaku isiivute kabisa. Kutunza tumia bahasha ya karatasi isiyo na asidi, vile vimfuko laini vya plastiki ya PVC achana navyo, kwa joto la pwani vinaacha ukijani unaonata, mi yangu moja iliharibika hivyohivyo.