Kutembelea Bansberia: anza asubuhi, anza na hekalu dogo

Anayepanga kuitembelea Bansberia, mji mdogo wa viwanda vya juti kando ya Mto Hooghly huko Bengal Magharibi, India, ni vyema apande treni ya mapema kutoka Howrah, kituo kikuu cha reli karibu na Kolkata, abadilishe Bandel na kushika njia ya reli iendayo Katwa, kwa kuwa mahekalu ya huko hufungwa mchana kwa saa kadhaa.

Wageni wengi hukimbilia hekalu la Hangseshwari, lililokamilika mwaka 1814 kwa juhudi za Rani (malkia) Sankari baada ya mumewe kufariki, na minara yake 13 yenye umbo la machipukizi ya yungiyungi kweli hupendeza. Hata hivyo, ningeshauri uanze na jirani yake mdogo, hekalu la Ananta Basudeba la mwaka 1679, ambalo kuta zake zimefunikwa kwa vibao vya udongo wa kuchoma vinavyosimulia vita na visa vya Krishna, mungu wa Kihindu. Jua likiwa bado limeinama, vivuli huchora kila uso na kila mkunjo wa nguo. Likishapanda utosini, ukuta huonekana wekundu mtupu. Usiviguse vibao hivyo, kwani vingi vimekwisha kulika.

Baadaye pumzika kwenye nyasi za uwanja wa mahekalu hayo, kisha rudi kusini hadi Imambara ya Hooghly, jumba la ibada na mikutano la Waislamu wa Kishia, iliyomalizika mwaka 1861 kwa kumbukumbu ya mfadhili Haji Muhammad Mohsin, ambako mnara wa saa unautazama mto. Vaa viatu vinavyovuliwa upesi.